Nimesoma kitabu cha bajeti cha halmashauri yetu, neno WAZEE lipo mara mbili tu

Mchumi wa Kijiweni

Wakuu poleni na majukumu. Uzi utakuwa mrefu kidogo, asiyependa kusoma apite kimyakimya asituwekee "fupisha".

Wiki iliyopita nilimpeleka babu zahanati. Babu ana miaka 76, presha anayo siku nyingi, na kitambulisho cha matibabu bure kwa wazee anacho, amekilaminisha kabisa anakitunza bahasha moja na kadi ya chama na karatasi za shamba. Tumefika asubuhi, ukutani pameandikwa MPISHE MZEE KWANZA, na kweli watu wametupisha, hapo sina lawama. Tabibu kampima vizuri kaandika dawa. Kufika dirishani, "hizi hatuna mkanunue nje". Nje kwenyewe ni duka la dawa muhimu lipo kama hatua thelathini toka getini, nikalipa elfu kumi na nne dawa ya mwezi mmoja. Tukiwa kwenye bodaboda babu kaniuliza, "sasa pale cha bure kilikuwa kipi, lile benchi?"

Nilicheka ila lilinikaa. Nikamtafuta jamaa yangu mmoja anipe kitabu cha makisio ya mapato na matumizi cha halmashauri (jina la halmashauri naliacha, msiniulize, ni huku Kanda ya Ziwa). Nimekisoma usiku mbili nikitafuta neno wazee. Nimelikuta mara mbili. Mara ya kwanza ni shilingi milioni 3 za maadhimisho ya Siku ya Wazee Duniani, ile ya tarehe 1 Oktoba, yaani fulana, maji ya kunywa, turubai na posho. Mara ya pili milioni 6 za kuwatambua wazee na kuwatengenezea vitambulisho. Basi. Dawa hakuna, miwani hakuna, hata nauli ya Afisa Ustawi kwenda kumuona bibi aliyelala ndani mwaka wa tatu hakuna.

Kwahiyo tumetenga hela ya kumpa mzee kadi inayosema atatibiwa bure, halafu hela ya kumtibu bure hatujatenga. Hapo ndo nimechoka.

Na tuje kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo sheria ya fedha za serikali za mitaa tangu 2018 inazibana halmashauri zitoe mikopo isiyo na riba. Nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Chukulia halmashauri imekusanya bilioni 2 zile zisizolindwa (ambazo hazijafungiwa kazi maalumu), inatoa milioni 200, wanawake 80, vijana 80, wenye ulemavu 40, wazee SIFURI. Bibi angalau anaweza kujipenyeza kwenye kikundi cha wanawake maana hakuna umri wa kugomea. Babu je? Akishapita ujana na viungo vyote anavyo, ndo hivyo tena.

Naombeni mawazo, na mwenye uzoefu wa halmashauri nyingine atueleze kwao ikoje.

Sheikh Kahawa

Nimeweka kambi hapa na kashata zangu. "Cha bure kilikuwa lile benchi" hahaha huyo babu apewe ubunge.

Kisu Butu

Mkuu mimi nitasema ukweli hata kama utauma. Vijana wamejaa mtaani na digrii zao wanaendesha boda, nyie mnataka hela iende kwa watu ambao muda wao wamemaliza. Hao wazee walipokuwa na nguvu walifanya nini? Mbona hawakuweka akiba? Halmashauri zenyewe hazina hela ya madawati.

Nyanza Boy

Kisu Butu we ni butu kweli jina lako. Akiba aweke wapi mkulima wa pamba? Mifuko ya pensheni, PSSSF ni ya watumishi, NSSF enzi zake ilikuwa ya walioajiriwa, yeye alikuwa na jembe. Na usiseme hawajachangia kitu. Baba yangu alikuwa akilala kwenye mihogo mgambo wakija kusaka wasiolipa kodi ya kichwa, na akikamatwa analipa na faini juu, hiyo kodi imekuja kufutwa 2003. Bado ushuru wa mazao, kila kilo ya pamba halmashauri ilikuwa inakata mpaka asilimia 5, ni 2017 ndo wakapunguza ikawa 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula. Miaka arobaini hiyo mzee anachangia halmashauri. Yale madarasa uliyosomea unafikiri yalijengwa na nani?

Halafu cheki hii, mwaka uleule 2003 kodi ya kichwa inafutwa ndo Sera ya Taifa ya Wazee ikatoka. Mzee kaacha kukimbizwa akapewa sera. Sheria ya wazee huku Bara wameidai miaka nenda rudi, kila tarehe 1 Oktoba risala inasomwa ina ombi lilelile, mgeni rasmi anaitikia kwa kichwa.

Kisu Butu

Sawa la ushuru nimekubali. La mkopo kwa mzee wa miaka 80 sijakubali, atalipa lini?

Binti Mlezi

Habari za usiku. Mimi ni muuguzi, kituo sisemi. Nimesoma post ya kwanza roho ikaniuma maana wananchi wanatuona sisi wa dirishani ndo wabaya, wanafikiri dawa tunazificha.

Nieleze tu inavyokwenda. Zahanati ina akaunti yake siku hizi, hela zinaingia moja kwa moja tangu ule mfumo ulipoanza 2017/18. Humo kuna ya mfuko wa pamoja wa afya, kuna ya bima, kuna ya CHF (mfuko wa afya ya jamii, kaya inachangia kwa mwaka) na kuna ya papo kwa papo ambayo mgonjwa analipa dirishani. Dawa tunaagiza Bohari ya Dawa kulingana na hela iliyopo. Sasa hesabu wanaosamehewa: mjamzito bure, mtoto chini ya miaka mitano bure, mzee asiye na uwezo bure, TB bure, VVU bure. Kwangu mimi siku nyingine kati ya wagonjwa kumi wanaoingia saba ni msamaha. Sipingi, ni sera na ni haki yao. Ila baadhi ya hizo huduma dawa zake zinaletwa na miradi mikubwa, za TB zinakuja, za ARV zinakuja, chanjo zinakuja. Za presha na sukari za mzee hazina mwenyewe! Hizo nazinunua mimi na ile hela ya wale watatu waliolipa. Mzee akichukua dawa ya mwezi hakuna mtu anarudisha hiyo gharama, tunaandika tu kwenye rejista ya misamaha, rejista inajaa tunafungua nyingine.

Kwahiyo wazee wakija wengi mwezi mmoja, mwezi unaofuata stoo nyeupe. Na nisiwafiche, kuna vituo ukisema mzee tu watu wanakunja sura, sio roho mbaya, wanapiga hesabu.

Mchumi wa Kijiweni

Dada asante sana, hii ndo nilikuwa naitafuta. Kumbe ule msamaha analipia mgonjwa mwenzake aliyekaa naye benchi moja.

Mpemba Halisi

Asalam aleikum. Nyinyi wenzetu mnahangaika na vitabu, huku kwetu Zanzibar mambo ni mepesi zaidi. Tangu Aprili 2016 kila mwenye miaka 70 anapata Pensheni Jamii, awe masikini awe tajiri, awe alifanya kazi serikalini au alikuwa mvuvi. Ilianza elfu 20 kwa mwezi, 2023 ikapanda elfu 50. Na si ya mfadhili, ni fedha ya serikali yenyewe. Bi mkubwa wangu akishaipokea kwanza hununua kahawa, pili humpa mjukuu wa skuli, tatu ndo hukumbuka dawa, lakini yake, hana wa kumuuliza. Zamani akitaka hata sabuni ya mia tano lazima amwite mkaza mwana. Wallahi hiyo elfu 50 imembadilishia hata sauti.

Nyanza Boy

Hapo kwenye sauti nimekuelewa sana. Sasa si na huku halmashauri waanze hata na ile elfu 20?

Mhasibu Mstaafu

Vijana wangu salamu. Nimefanya kazi ofisi ya mweka hazina miaka mingi, sasa nipo nyumbani nafuga kuku. Nimesoma wote nimeona nichangie maana kuna vitu mnavichanganya.

Kwanza hilo la elfu 20. Chukua halmashauri ya wilaya yenye wazee elfu 8. Elfu 8 mara elfu 20 ni milioni 160 kwa mwezi, mara kumi na mbili ni bilioni 1 na milioni 920. Mchumi katoa mfano wa halmashauri ya bilioni 2. Maana yake ukilipa pensheni umefunga ofisi, zimebaki milioni 80, na humo hujatoa asilimia 10 ya mikopo, hujatoa fungu la miradi, hujalipa posho za madiwani wala mafuta ya gari la wagonjwa. Ya Zanzibar inalipwa na serikali kuu yao, siyo baraza la manispaa. Kwahiyo mkitaka pensheni mlango wake ni Hazina na Bunge, diwani akiwaahidi pensheni kwenye kampeni mjue hajui anachosema au anajua sana.

Pili, wengi mnaona kitabu cha bajeti mnadhani ni hela. Ni makisio, kijana wangu. Sehemu kubwa humo ni ruzuku ya serikali kuu, na kubwa kuliko zote ni mishahara, inapita tu pale. Ambayo halmashauri inaweza kuamua yenyewe kwa kweli ni mapato ya ndani, na hayo nayo yanategemea mvua imenyesha na minada imefunguliwa. Kasma (mstari wa matumizi kwenye bajeti) inaweza kuandikwa milioni 6 mwaka mzima ikatoka milioni moja na nusu, na hakuna mwizi. Kwahiyo usiulize tu imetengwa ngapi, uliza imetoka ngapi. Hiyo taarifa inasomwa kila robo mwaka.

Tatu, na hili namuuliza mleta uzi. Kila mahali umelaumu halmashauri. Bajeti ya dawa za zahanati haianzii halmashauri, inaanzia kwenye mpango wa zahanati yenyewe, unaandaliwa na watumishi pamoja na kamati ya usimamizi ya kituo, unaingizwa kwenye mfumo, ndipo unamezwa ndani ya mpango kabambe wa afya wa halmashauri. Kwenye kamati hiyo kuna wajumbe wa wananchi. Je mnawajua wajumbe wenu? Wameandika nini kuhusu wazee?

Mchumi wa Kijiweni

Shkamoo mzee.

Hapo umenipiga pabaya sana, na ningeweza kunyamaza hakuna angejua. Mimi NILIKUWA mjumbe wa hiyo kamati. Miaka mitatu. Nimekaa tangu jana nakumbuka tuliandika nini. Mwaka wa kwanza uzio. Mwaka wa pili geti na kibanda cha mlinzi, mwaka wa tatu tukapaka rangi na kuandika yale maneno ukutani. Yale ya mpishe mzee kwanza. Nimesaini mimi, nilisimamia hata fundi, tukabishana mwandiko uwe wa bluu au wa kijani. Dawa za presha hatukuzijadili hata siku moja, tulikuwa tunaona ni kazi ya daktari.

Yaani ile elfu kumi na nne ni kama nimejilipisha mwenyewe.

Sheikh Kahawa

Duh. Uzi umegeuka toba. Mkuu heshima kwako, wengine tungefuta akaunti.

Kisu Butu

Hahaha bluu au kijani. Ila mkuu umetisha kwa kusema ukweli.

Mhasibu Mstaafu

Marahaba. Usijilaumu sana, kamati nyingi ziko hivyo, geti linaonekana na kiongozi akija ziara anapiga nalo picha, vidonge vikimezwa vimekwisha. Jambo la kushika ni kalenda, maana wananchi wengi hulalamika Juni wakati bajeti inasomwa redioni, na wakati huo chakula kimeshaiva kimepakuliwa. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini kazi inaanza kabla ya Krismasi. Mwongozo wa bajeti na ukomo (kiwango cha juu cha kutumia) ukishashuka, vijiji vinaleta vipaumbele, mkutano mkuu wa kijiji unapitisha, Kamati ya Maendeleo ya Kata inachambua, wataalamu wa halmashauri wanaunganisha, Kamati ya Fedha inakaa, baraza la madiwani linapitisha mnamo Februari hivi, mkoa, TAMISEMI (wizara ya serikali za mitaa), na Aprili iko Bungeni Dodoma. Kama neno lako halikuingia kwenye mhutasari wa kijiji mwezi wa kumi na moja, ukilipeleka Machi utaambiwa ukomo umejaa. Na wewe utabaki unasema serikali haisikii.

Mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu kwa sheria. Nendeni.

Mama Genge

Kaka yangu nendeni kirahisi hivyo? Mkutano wetu wa mwisho akidi haikutimia, walikuja watu 31 na nusu yao walifuata mgao wa mbolea. Wazee wenyewe ndo wanakuja ila wakinyanyua mkono wanaambiwa "mzee fupisha". Nimeshuhudia kwa macho yangu.

Na kuna kitu hamjagusa, hao bibi zetu wengi wanalea. Jirani yangu ana miaka 71 na wajukuu wanne, mama yao alifariki baba yao yupo tu huko machimboni. Alikuwa kwenye TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya masikini, analipwa kila baada ya miezi miwili, akaondolewa kwenye orodha, eti ana nyumba ya bati. Bati lenyewe alinunua na hela ya TASAF jamani! Si ndo tulikuwa tunaambiwa tufanyie maendeleo?

Nyanza Boy

Hiyo ya bati nimeisikia vijiji vitatu tofauti. TASAF ni ya kaya masikini, uzee peke yake sio kigezo, hapo ndo Mpemba ametuzidi, kwao ukifika 70 umefika.

Mjukuu wa Shosho

Majirani hamjambo, niko Kenya, acha niseme kidogo. Huku 70 kwenda juu ni elfu mbili za Kenya kwa mwezi, inaitwa Inua Jamii, tangu 2018 hawaangalii kama uko na mali ama huna. Lakini msidhani ni raha tu, inaweza kaa miezi bila kuingia halafu inakuja pamoja, shosho yangu (bibi) alikuwa na deni kwa duka mpaka mwenye duka akaweka daftari yake kando. Na kama huyo mzee mhasibu alivyosema, si pesa ya kaunti, ni ya serikali ya kitaifa. Kaunti ndio wako na hospitali tangu afya igatuliwe 2013. So shosho anapokea pesa kutoka kwa serikali moja anaenda kununua dawa zilizokosekana kwa serikali ingine. Hata sisi katiba ya 2010 imeandika haki za wazee kabisa, kifungu cha 57, maneno matamu sana. Dawa ya sukari bado ni ya kununua kemisti.

Mpemba Halisi

Na mimi nisije nikaonekana najisifu tu. Elfu 50 ukiumwa haiendi mbali. Bi mkubwa alifanyiwa macho mwaka jana tukachanga ukoo mzima.

Mchumi wa Kijiweni

Sasa wakuu nimepata wazo naombeni mlichane. Kuliko kudai kila kitu nadai viwili. Moja, zahanati yetu iweke kwenye mpango wake mstari wa dawa za presha na sukari za wazee, hela ijulikane ni ngapi kwa mwezi. Mbili, halmashauri ilipie CHF kaya za wazee wasiojiweza, 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Kaya elfu 2 ni milioni 60 tu kwenye bilioni 2.

Binti Mlezi

La kwanza ndiyo kabisa. La pili angalia, CHF ni kadi. Kama stoo haina kitu kadi ya CHF na kile kitambulisho cha babu ni ndugu wa tumbo moja. Faida yake ni kwamba ile CHF walau inarudisha hela kituoni kwa kila mgonjwa na akipewa rufaa inamsaidia, msamaha haurudishi chochote. Kwahiyo vifanyike vyote au kianze cha kwanza.

Mhasibu Mstaafu

Muuguzi yuko sahihi. Nami naongeza, sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilishapita 2023 na humo wasio na uwezo wana utaratibu wao, lakini majina yatatoka wapi? Yanatoka kijijini kwenu. Kama orodha ya wazee ya mtendaji ina marehemu kumi na hai wanne, usitegemee Dodoma watairekebisha.

Na usiandike "kuboresha huduma kwa wazee". Hiyo sentensi ndiyo makaburi ya bajeti, inaingia kila kitu. Andika dawa, andika idadi ya wazee, andika kiasi kwa mwezi. Mtu akitaka kukata aone anakata nini.

Kisu Butu

Na mikopo ya asilimia 10 vipi, umeiacha?

Mchumi wa Kijiweni

Nimeiacha kwa sasa. Ile ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya CAG (mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali) kuonyesha vikundi hewa na madeni yasiyolipika, ikaja kurudi 2024 kwa utaratibu mpya, nyingine kupitia benki. Nikiingia na hoja ya wazee humo nitaambiwa subiri wenyewe bado tunajipanga. Na kwa kweli babu hataki mkopo, nimemuuliza, kasema yeye anadaiwa na Mungu tu inatosha.

Sheikh Kahawa

Babu apewe uzi wake.

Mchumi wa Kijiweni

MREJESHO (Februari)

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya. Mkutano mkuu ulikaa Novemba. Nilipita kwa wazee nyumba kwa nyumba siku tatu kabla, nikawaambia kila mmoja aje na kitambulisho chake na karatasi ya dawa aliyonunua nje mara ya mwisho. Walikuja wengi, wamekaa mbele na viti vyao toka nyumbani. Mwenyekiti alipofika kwenye mengineyo akataka kufunga, akasimama bibi mmoja (simtaji) akamwaga risiti zake mezani, anaziweka moja moja, "hii ya Agosti, hii ya Septemba, hii mjukuu aliniazima". Hakuna aliyemwambia fupisha.

Kwenye mhutasari imeandikwa kama mzee Mhasibu alivyosema: dawa za presha na sukari, wazee 112, laki 4 kwa mwezi, milioni 4 na laki 8 kwa mwaka. Kamati ya zahanati imekubali kuingiza kwenye mpango wake, ilibidi ukarabati wa kibanda cha mlinzi usogee mwaka unaofuata. Ndiyo kile kibanda changu. Mlinzi haniongeleshi sasa ivi.

Kwenye CHF sasa. Diwani aliipeleka vizuri, na yeye mama yake ni mgonjwa nadhani ilimgusa. Tuliomba kaya 500 za kata nzima, milioni 15. Kwa wataalamu ikawa kaya 300. Kwenye Kamati ya Fedha ikawa 200, milioni 6, na siyo kata yetu tu, ni halmashauri nzima! Nimeuliza zilizobaki zimekwenda wapi nikaambiwa ukomo. Ile milioni 3 ya fulana za tarehe 1 Oktoba haikuguswa hata shilingi.

Mama Genge

Fulana zina mwenyewe hizo.

Nyanza Boy

Kaya 200 halmashauri nzima ni kama kaya 10 kwa kata, watapigana. Nani atazichagua?

Mhasibu Mstaafu

Hongera kijana wangu, usidharau, kasma ikishafunguliwa mwaka ujao hauombi mpya, unaomba kuongeza. Kupata mstari mpya kwenye bajeti ya halmashauri ni kazi kuliko kupata hela. Sasa Julai ikianza usilale, fuatilia robo ya kwanza, na majina hayo 200 yabandikwe ubao wa matangazo, usikubali yakae kwenye droo.

Mjukuu wa Shosho

Hongera bro. Hiyo ya risiti kwa meza naiba, naenda nayo kwa mkutano wa wadi yetu.

Mchumi wa Kijiweni

MREJESHO WA PILI (Septemba)

Fupi tu maana niko shamba. Dawa za presha zilikuwepo Julai na Agosti yote, babu kapata ya mwezi mzima bila kutoa mia. Za sukari zimeisha tarehe 19 Agosti, oda ya Bohari imekuja nusu. Majina ya CHF bado hayajabandikwa, mtendaji anasema anasubiri barua, nimeandika barua ya kuulizia hiyo barua na nimegongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala.

Babu amejua sasa kwamba kuna kitabu cha stoo pale zahanati na kamati ina haki ya kukiona. Uchaguzi wa wajumbe ni mwezi ujao, kachukua fomu. Wenye kujua bei ya miwani ya kusomea hapa Mwanza mjini mnisaidie, yake imevunjika mkono mmoja.

Sheikh Kahawa

Njoo inbox mkuu, kuna fundi namjua.